Fungu la mawasiliano la meneja wa jiji lihesabiwe kwa kazi, si kwa vitu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme jambo moja kuhusu bajeti za majiji. Kamati ya fedha inapokaa kutafuta pa kupunguza, jicho huenda kwanza kwenye mstari ulioandikwa "matangazo, uchapishaji na uhusiano na umma" chini ya ofisi ya meneja wa jiji. Mstari hukatwa nusu, kikao kinaendelea. Miezi michache baadaye wananchi wanakutana na ada mpya dirishani bila kuwahi kuisikia, na ofisi ile ile inalaumiwa kwa kukaa kimya. Kosa la kwanza hapo si la madiwani. Ni la waandaaji wa makadirio, wanaopeleka mezani mstari usiosema utafanya kazi gani. Mstari usio na kazi huonekana anasa, na anasa hukatwa.

Meneja wa jiji ni mtendaji anayeajiriwa na baraza lililochaguliwa na wananchi. Baraza linaamua, yeye anatekeleza na kutoa hesabu. Mpango huu ulianzia Staunton, Virginia, nchini Marekani mwaka 1908, ukavuma zaidi Dayton, Ohio, ilipouchukua mwaka 1914 baada ya mafuriko makubwa ya Machi 1913. Cork nchini Ireland ilipata meneja wake mwaka 1929. Kwingine cheo huitwa mkurugenzi wa jiji, lakini kazi inafanana. Ofisi hii haiuzi maji, haizoi taka, haichongi barabara. Inachotoa ni uratibu, maamuzi na taarifa. Kwa hiyo bajeti yake, ukiipembua, ni watu na maneno, na vyote viwili vinahesabika kwa usahihi kama mtu akikubali kukaa chini avihesabu.

Anza na watu, maana ndiko fedha nyingi iliko. Ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi, iandikwe kwa nafasi, si kwa majina ya waliopo, na kila nafasi ibebe gharama yake nzima: mshahara wa ngazi husika, nyongeza ya mwaka na mwezi itakapoanza kulipwa, mchango wa mwajiri kwenye pensheni na bima ya afya, stahili za likizo, na saa za ziada kwa vikao vya baraza vinavyovuka muda wa kazi. Mchango wa mwajiri ndio unaosahaulika zaidi, kwa kuwa mwandaaji hunakili mshahara ghafi kutoka orodha ya malipo na kuishia hapo. Nafasi iliyo wazi ihesabiwe kwa miezi itakayokuwa na mtu kweli. Mwaka wa fedha ukianza Julai na mtumishi akitarajiwa Oktoba, weka miezi 9. Ukiweka 12, ile mitatu inageuka kibubu cha safari na vikao vya hotelini, na mkaguzi akija, hoja inaandikwa dhidi ya meneja.

Ukishamaliza fedha za watu, hesabu siku zao. Wengi hawaifanyi hatua hii kabisa, na ndiyo inayoharibu mipango mizuri. Mwaka una takriban siku 260 za kazi. Toa likizo, sikukuu, ugonjwa na mafunzo, afisa mawasiliano mmoja anabaki na kama 220. Baraza na kamati zake wakikaa mara 24, na kila kikao kikimchukua siku tatu (moja ya tangazo na maandalizi, moja ya kikao chenyewe, moja ya taarifa na kumbukumbu), hizo ni siku 72. Taarifa ya kila wiki ikila siku moja kwa wiki 48, ongeza 48. Kujibu waandishi wa habari na malalamiko ya mtandaoni kwa saa mbili kila siku ni saa 440 kwa mwaka, yaani siku 55. Jumla ni 175. Zimebaki 45 kwa mengine yote: kampeni ya kodi ya majengo, tahadhari za mvua, ripoti ya mwaka, tovuti, na lile la ghafla ambalo halikosi. Hapo ndipo meneja anapoona kwamba kampeni tatu alizoahidi hazina mtu wa kuzifanya, hata kama fedha za matangazo zipo. Aongeze nafasi, au anunue huduma kwa siku, au aondoe kampeni moja kwenye mpango. Uamuzi huo ni wa kabla bajeti haijapitishwa. Katikati ya mwaka kinachobaki ni kulipua kazi.

Sasa mawasiliano yenyewe. Usianze na bei, anza na kalenda. Chukua miezi 12, uandike kila tukio ambalo jiji litalazimika kumwambia mtu kitu: vikao vya wazi, mabadiliko ya ada, sheria ndogo zinazosubiri maoni, zabuni, tarehe ya mwisho ya kodi, kufungwa kwa barabara, msimu wa mvua, ratiba ya taka. Kisha gawa matukio hayo katika mafungu matatu ambayo fedha zake hazichanganywi.

La kwanza ni matangazo ya lazima, yale ambayo sheria imeyataja na kuweka muda wake. Tangazo la kikao cha maoni likitoka siku 10 wakati sheria inataka 14, uamuzi mzima unaweza kubatilishwa na kikao kikarudiwa, kwa hiyo gharama ya kuchelewa ni kubwa kuliko ya tangazo. Fungu hili halina asilimia ya kupunguza. Linapungua pale tu kazi yenyewe inapoondolewa kwenye kalenda. La pili ni taarifa za huduma, ambazo ndizo wananchi wanazozisubiri hasa. La tatu ni dharura, tutalirudia.

Kuna la nne ambalo tunasema wazi halipaswi kuwapo: picha za viongozi kwenye mabango, salamu za pongezi, kalenda za ukutani zenye sura ya mheshimiwa. Fungu hilo likichanganywa na mengine, linayala yote matatu, kwa sababu lina msukumo mkubwa kuliko tangazo la bomba lililopasuka. Uingereza, katika mwongozo wa matangazo ya serikali za mitaa wa mwaka 2011, iliweka masharti kwamba matangazo yawe halali, ya gharama inayostahili, ya kweli na yasiyopendelea upande, na yachukuliwe kwa tahadhari zaidi uchaguzi unapokaribia. Mwongozo huo huo ulitaka majarida ya mabaraza makubwa yasitoke zaidi ya mara moja kwa robo mwaka. Jiji lolote linaweza kuandika sharti la namna hiyo katika aya moja na kuliambatisha kwenye makadirio. Aya hiyo hailipiwi hata senti, na inamkinga afisa mdogo anayeagizwa kuchapisha asichopaswa.

Kila kazi kwenye kalenda ipate karatasi yake: nani anapaswa kujua, wangapi, kwa lugha zipi, kwa njia zipi, mara ngapi, na kufikia lini. Bei huja mwisho. Tuchukue ujumbe mfupi wa simu, kwa sababu unaonekana rahisi na ndiko fedha zinakovuja kimyakimya. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Ukizidi, hata kwa herufi moja, unavunjwa vipande vya herufi 153, na kila kipande kinalipiwa. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba hesabu hiyo ni ya herufi za kawaida pekee. Ikiingia alama moja iliyo nje ya seti hiyo, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine wenye nafasi 70 tu, na ukivunjwa, vipande vya 67. Kwa Kiswahili mtego uko kwenye neno kama "kung'oa" au "ng'ambo": ukiandika ujumbe kwenye programu ya kuchakata maneno, alama ya juu inapindishwa yenyewe, na alama iliyopinda haimo katika seti ya kawaida. Ujumbe wa herufi 150 uliopaswa kulipiwa mara moja sasa unalipiwa mara tatu, kama mtoa huduma hana mfumo wa kuinyoosha alama hiyo. Kwa namba 200,000, umepanga 200,000 na ankara inakuja ya 600,000. Vikaragosi vya uso hufanya vivyo hivyo. Dawa yake ni kuandika ujumbe kwenye kihariri cha maandishi matupu, kuhesabu herufi, kutuma kwa namba moja ya majaribio na kusoma idadi ya vipande kabla ya kutuma kwa wote. Bajeti nayo iwekwe kwa vipande, si kwa ujumbe.

Redio huhesabiwa kwa kuzidisha: mara 4 kwa siku, siku 10, vituo 3, ni matangazo 120. Maandishi ya sekunde 30 yasomwe kwa sauti na saa mkononi. Maneno kama 60 ya Kiswahili, yakisomwa bila pupa, yameshaujaza muda huo, na afisa anayeandika maneno 95 atalipishwa sekunde 45 au msomaji atakimbia mpaka tarehe isisikike. Kurekodi ni gharama tofauti na kurusha. Lugha ya pili ni kurekodi tena, na kurusha tena pia.

Kwenye uchapishaji gharama imegawanyika sehemu mbili. Kuna ya kuandaa mitambo, ambayo ni ile ile ukichapa nakala 500 au 5,000, na kuna ya karatasi na wino, inayokua na idadi. Ndiyo maana kuchapa mara mbili nakala 2,500 ni ghali kuliko mara moja 5,000, na ndiyo maana kosa la namba ya simu ukurasa wa mwisho linauma. Kijitabu cha kubanwa kwa pini katikati huenda kwa kurasa zinazogawanyika kwa 4. Maandishi yakifika 49 utalipia 52, kwa hiyo mhariri apunguze ukurasa mmoja au atumie zile tatu kwa ramani na namba za huduma. Uzito pia uhesabiwe, kwa sababu vijitabu havijisambazi. Karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5. Kijitabu cha A4 cha kurasa 48 ni karatasi 24, gramu 120, na nakala 10,000 ni kilo 1,200. Hiyo ni shehena ya gari, inahitaji dereva, mafuta, na mtu wa kupokea katika kila kata. Bajeti nyingi zina fedha ya kuchapa bila fedha ya kufikisha, na vijitabu hubaki vimefungwa ghalani mpaka takwimu zake zinapitwa na wakati.

Vikao vya baraza vinavyorushwa mtandaoni vina gharama zisizoonekana kwenye picha. Urushaji wa megabiti 4 kwa sekunde kwa saa 3 unatumia takriban gigabaiti 5.4, na kwa vikao 24 ni kama gigabaiti 130 kwa mwaka, kabla ya kuhifadhi nakala ya pili. Laini ya intaneti iwe na nafasi mara mbili ya zile megabiti 4 kwa sekunde upande wa kupandisha, la sivyo picha inakatika pale kura inapopigwa. Kama fedha ni chache, nunua vipaza sauti vizuri kabla ya kamera. Mwananchi atavumilia picha yenye giza, hawezi kuvumilia mjadala asiousikia. Mkalimani wa lugha ya alama asiwekwe mmoja kwa kikao kirefu. Kazi hiyo huchosha mikono na akili, na wakalimani hupokezana kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo ni wawili. Kumwekea bajeti mmoja ni kuamua kwamba baada ya saa ya kwanza viziwi watapata tafsiri iliyochoka, na jiji linalojua hivyo halina haki ya kufanya hivyo.

Kamera na kompyuta ni matumizi ya maendeleo, betri na kadi za kumbukumbu ni matumizi ya kawaida. Huo mpaka ukisahaulika, kamera mpya inalala kabatini kwa kukosa betri ya pili. Kama kifaa kinadumu miaka minne, tenga robo ya bei yake kila mwaka.

Kuna gharama ndogo zinazoangusha kubwa. Jina la tovuti ya jiji lilipiwe kwa miaka kadhaa mbele, na lisajiliwe kwa jina la ofisi, si la fundi aliyelitengeneza. Fundi akihama na muda ukaisha, jiji linapoteza anwani iliyochapwa kwenye kila ankara. Kurasa za mitandao ya kijamii hazilipiwi kuzifungua, lakini zinafungamanishwa na namba ya simu. Nunua laini ya ofisi kwa ajili hiyo, iwe na salio na mtu anayeitunza, maana namba ya mtumishi ikitumika, siku anaondoka anaondoka na ukurasa. Leseni za programu na hifadhi ya mtandaoni mara nyingi hutozwa kwa fedha za kigeni na kwa kila mtumiaji. Weka nafasi ya ziada kwa mabadiliko ya thamani ya fedha, hesabu watumiaji wa kweli, na uangalie tarehe ya kuhuisha. Leseni inayoisha mwezi wa kwanza wa mwaka mpya wa fedha, wakati fedha hazijafunguliwa, itakatika. Sogeza tarehe hiyo kwa mkataba mmoja wa miezi 15 na tatizo linaisha. Na kila ankara kifani, ile ya bei inayotolewa kabla ya kununua, isomwe kama ina kodi ya ongezeko la thamani au haina. Kosa hilo moja limetoboa mabajeti mengi.

Idara nyingine pia zinatangaza. Ya maji ina vipeperushi, ya afya ina redio, ya mapato ina ujumbe wa simu, kila moja ndani ya kasma yake, yaani fungu lake la bajeti. Kwa hiyo hakuna anayejua jiji zima linatumia kiasi gani kuzungumza na wananchi, na vituo vitatu vya redio vinaweza kuwa na mikataba sita na jiji moja kwa bei sita. Kabla ya kuandika makadirio, afisa bajeti avute kutoka daftari la hesabu malipo yote ya matangazo, uchapishaji, ujumbe na usanifu ya miezi 12 iliyopita, kwa idara zote, na kuyapanga kwa mtoa huduma. Zoezi hilo ni la siku tatu au nne. Hatusemi fedha zote zihamie kwa meneja. Idara inayojua ugonjwa ndiyo ijue ujumbe wake. Kinachofaa kuwekwa pamoja ni bei na kalenda: mkataba mmoja wa bei kwa mwaka kwa kila aina ya huduma, idara zikiagiza humo na kulipa kutoka kasma zao. Angalieni tu kazi moja isihesabiwe pande zote mbili.

Bajeti iliyopitishwa bado si fedha mkononi. Mapato ya jiji huja kwa mawimbi, na mara nyingi robo ya kwanza ni kavu. Lakini tangazo la kodi linatakiwa kabla kodi haijalipwa, na tahadhari ya mafuriko kabla mvua haijanyesha. Kwa hiyo kila karatasi ya kazi iwe na mwezi wa kulipa karibu na mwezi wa kutangaza, na mweka hazina apewe jedwali hilo mwanzoni mwa mwaka. Ununuzi nao una miguu yake: kuandaa mahitaji, kukusanya bei, kamati, barua, mkataba, hati ya ununuzi. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya tangazo. Kijitabu cha bajeti kinachotakiwa Juni hakianzi Mei. Kinyume chake ni ile mbio ya mwisho wa mwaka, ambapo fedha zilizobaki zinageuzwa fulana na kofia ili zisirudi. Matumizi ya namna hiyo ndiyo humpa mjumbe wa kamati hoja ya kukata mwaka unaofuata, na atakuwa na haki.

Tulisema tutarudi kwenye dharura. Fungu hili ndilo la kwanza kuhamishwa, kwa sababu kwa miezi mingi halitumiki na linaonekana limelala. Lisipangwe kwa kukisia. Chagua tukio moja ambalo jiji linaweza kulipata kweli, liwe mafuriko, kipindupindu au moto wa soko, uligawe kwa siku na kata. Siku 5, ujumbe 2 kwa siku, namba 40,000 katika kata za mabondeni, ni vipande 400,000 kama kila ujumbe umebaki ndani ya kipande kimoja. Magari 3 ya vipaza sauti kwa siku 5 ni siku-gari 15 za mafuta, dereva na msomaji, na siku hizo zitahitajika hasa, kwani umeme ukikatika simu huzimika. Weka nafasi za redio kwa bei iliyokubaliwa mapema, betri za akiba, jenereta yenye mafuta, na maandishi yaliyokwisha kuidhinishwa katika lugha zote zinazotumika mjini, yakiwa na nafasi tupu za mahali na saa tu. Tafsiri ya usiku wa manane, mtu akiwa na hofu, ndiyo inayowapeleka watu upande usio salama.

Mambo mawili hukosewa hapo. Salio la ujumbe linalolipiwa mapema mara nyingi lina muda wa kuisha, kwa hiyo mkataba useme salio la dharura halifi ndani ya mwaka wa fedha, au utumie mkataba wa kulipa baada ya matumizi wenye kikomo. Na orodha ya namba inaoza: watu hubadilisha laini, huhama, hufariki. Jaribio mara mbili kwa mwaka linaonyesha ngapi zimekufa, na jaribio lenyewe lina gharama, vipande 80,000 katika mfano wetu, ambayo lazima iandikwe. Azimio la bajeti liseme kwamba fungu hili haliwezi kuhamishiwa kwingine bila kura ya baraza. Saini ya meneja peke yake haitoshi hapa, kwa kuwa ndiye atakayeshinikizwa kwanza.

Siku ya kuwasilisha kwa kamati, peleka viwango vitatu. Cha kwanza kina matangazo ya lazima na dharura tu. Cha pili kinaongeza taarifa za huduma kama zilivyo mwaka huu. Cha tatu kina kazi mpya. Chini ya kila kimoja ziorodheshwe kazi kwa majina, bei na mwezi. Kamati ikitaka kupunguza sehemu ya kumi, haitakata asilimia, itachora mstari juu ya kazi: tusiwe na tangazo la ratiba mpya ya taka kwa kata nane, ndiyo au hapana. Mara nyingi hapo mjadala hubadilika, kwa sababu diwani anaijua kata yake. Na kama wakikata, wamekata wakijua, nasi hatuna la kulalamika.

GFOA, chama cha maofisa fedha wa serikali cha Marekani na Kanada, kimekuwa kikitoa tuzo ya uwasilishaji wa bajeti tangu 1984, na hukipima kitabu cha bajeti kama hati ya sera, mpango wa fedha, mwongozo wa utendaji na chombo cha mawasiliano. Hilo la mwisho tungependa kila jiji lilichukue kwa uzito. Muhtasari wa bajeti kwa wananchi, wa kurasa 8, kwa lugha nyepesi, ni kazi ya mawasiliano kama nyingine na uwe na karatasi yake: mwandishi, msanifu, mtafsiri, uchapaji, usambazaji. Porto Alegre nchini Brazili ilipoanzisha bajeti shirikishi mwaka 1989, wakazi walikaa mitaani mwao wakapanga vipaumbele. Mikutano ya aina hiyo inahitaji ukumbi, tangazo, mtu wa kuandika na mtu wa kurudisha majibu, na yote hayo yana bei.

Kupima matokeo hakuhitaji mshauri. Kabla ya tangazo la ratiba mpya, hesabu simu zinazouliza ratiba kwa wiki moja. Hesabu tena wiki mbili baadaye. Andika ujumbe ulioshindwa kufika, nakala zilizorudi, watu waliohudhuria kikao na mahali waliposikia habari zake. Daftari la mezani linatosha, ilimradi mtu mmoja amepewa kazi hiyo na siku yake imo ndani ya zile 220.

Ombi letu kwa mabaraza ni kuambatisha jedwali la kazi za mawasiliano kwenye makadirio yanayotolewa kwa umma, ukurasa mmoja au miwili: kazi, walengwa, mwezi, kiasi, na fungu kati ya yale matatu. Kwa wasomaji wako watakaohudhuria vikao vya maoni, waulize kazi zipi ziko katika fungu la lazima na siku ngapi kabla ya tukio zitatangazwa, waulize fedha za kusambaza ziko mstari gani, na waulize jaribio la mwisho la ujumbe wa dharura lilifanyika tarehe ngapi na namba ngapi hazikupokea.

Wako,
Maofisa wa bajeti na mawasiliano ya miji